Kaseti Uliyonituma Niipeleke Posta

Nyakato, Mwanza
Jumatano mchana

Bibi,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikaweka kalamu chini kidogo, maana wewe hukuwa mtu wa kuitikia haraka. Ulimaliza kwanza ulichokuwa unafanya, ukanitazama kama nimenawa uso, ndipo ukasema marahaba. Basi nimekungoja. Sasa naendelea.

Kaseti yako ya mwisho haikupotea posta. Nilikuwa nayo mimi. Ile uliyoifunga kwenye kipande cha kanga ukaniambia niipeleke posta iende kwa Nyangeta na Magesa, watoto wa Baba Mkubwa, kule Gaborone, sikuipeleka. Niliificha chini ya sanduku langu la shule, nikarudi mashuani nikakuambia imekwenda. Ukanishukuru. Ukanipa na sato wawili niwapeleke nyumbani. Wiki tatu baadaye ukafa, na kaseti ilikuwa bado chini ya sanduku.

Nataka nikueleze kwa nini, halafu nikueleze nimeifanyia nini. Najua ungetaka nianze na la pili. Lakini ukilisikia la pili kwanza utanisamehe upesi kama kawaida yako, na mimi sitaki unisamehe kabla hujajua nilivyokuwa.

Nilikuwa nawaonea wivu, Bibi. Si wivu wa siku moja. Wao walikuwa mbali, mimi nilikuwa karibu, na nilidhani aliye karibu ndiye anayependwa zaidi. Tangu niko darasa la tano nilikuja Kirumba, mwaloni pale mashua zinapofungwa, kila Jumamosi, na nilipomaliza kidato cha nne nikawa nakuja kila siku, kwa kuwa matokeo yalikuwa bado na nyumbani hapakuwa na kazi ya kunitosha. Niliijua mashua yenu kuliko chumba ninacholala. Niliujua ubao unaovuja, ule wa tatu kutoka nyuma, na mahali linapokaa kopo la kuchotea maji. Nilijua pa kuinamisha kichwa chini ya turubai nisigonge mlingoti. Nilijua kwamba hulalii ubavu wa kulia, kwa sababu ukiulalia unayasikia mawe yakikwaruza chini ukadhani tunazama.

Watu wa huku Nyakato walikuwa wakiniuliza kwa nini wazee wangu wanaishi majini kama bata wakati mtoto wao ana nyumba. Nilikuwa naona haya, sijibu. Nyumba yenyewe ni vyumba viwili vya kiwanda, na kiwanda kilipouzwa na Baba akapunguzwa kazini, hata hivyo viwili tunakaa kwa huruma ya mtu. Zamani mashua ya Babu ilibeba pamba ya ushirika kutoka Majita na visiwani, na mlikuwa mmepanga nyumba nzuri yenye ua. Ushirika ulipolala, wanunuzi wapya wakaja na malori yao, na wa sangara wakaja na boti za injini zenye barafu. Hakuna aliyehitaji tena tanga. Mkaacha nyumba mkabaki na mashua. Wewe hukuwahi kusema mmeshindwa kodi. Ulisema, "Tumehamia."

Mimi niliyajua hayo yote. Nyangeta na Magesa hawakuyajua. Lakini wao ndio waliosimuliwa.

Unakumbuka Baba Mkubwa alivyoleta ile redio kaseti. Alikuwa amekuja likizo kutoka kule anakofundisha, akasema watoto wake Kiswahili cha kuandika kinawashinda, na nyinyi wawili hamkusoma, basi mzungumze kwa kaseti. Ilikuwa kaseti moja tu, ya kwaya, ambayo Mama aliitoa nyumbani. Inakwenda kwa posta, wanaisikiliza, wanarekodi majibu yao juu ya maneno yenu, inarudi. Mnaisikiliza wiki nzima, kisha mnarekodi juu ya maneno yao. Mwisho wa kila ujumbe kwaya ilidakia katikati ya ubeti. Nilimwuliza Babu kwa nini tusitafute kaseti ya pili, akasema ziwa nalo ni moja na mashua zote zinapita hapohapo. Kwa hiyo kila neno jipya lilifuta la zamani, na hakuna aliyeona ni tatizo, kwa sababu kila mmoja alijua kuna jingine linakuja.

Kazi yangu ilikuwa vitufe. Siku ya kurekodi nilianika betri juu ya paa la mabati la kibanda cha ufukweni tangu asubuhi zipate nguvu. Wewe ulioga, ukavaa blauzi ya njano, ukajipaka mafuta mikononi, kana kwamba wangekuona. Babu alikohoa kohozi lote kwanza. Ndipo nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja na kukaa kimya, hata chafya naimeza.

Na hapo ndipo ulipokuwa mtu mwingine. Kwangu ulisema, "Perusi, maji yameingia." Kwao ulisema, "Wajukuu zangu, leo ziwa limelala kama mtu aliyeshiba." Sikujua kwamba una maneno kama hayo. Niliyasikia nikiwa nimeshika kopo. Uliwasimulia jinsi kiboko alivyoingia mwaloni siku ya harusi ya watu, na namna ulivyoolewa ukiwa unaogopa maji, ukaingia mashuani umefumba macho mpaka Majita ikapotea. Hadithi hizo mimi nilizipata kwa kuwa nilikuwepo tu, kama mtu anayesikia redio ya jirani.

Picha yao uliitundika kwenye mlingoti ndani ya mfuko wa nailoni. Asubuhi niliwahi kufika mara kadhaa kabla hujaniona. Ulikuwa unaisalimu kwanza.

Na jina. Hili sijawahi kulisema kwa mtu. Nyangeta ni jina lako, na mjukuu wa kwanza wa kike ndiye anayelibeba. Yeye alizaliwa, mimi nikafuata baada ya miezi minne. Miezi minne, Bibi. Jina likawa limekwenda. Mimi nikapewa Perusi la mama yake Mama, ambaye sikumkuta duniani. Babu aliponiita mke mdogo watu walicheka, na wewe uliponiita mke mwenzangu nilicheka pia, huo ni utani wa siku zote. Lakini mke mkubwa alikuwa Nyangeta, kwa sababu ya jina. Kila Babu alipopokea kaseti alisema, "Mke mkubwa amesemaje?" hata kabla ya kuniuliza habari za nyumbani nilikotoka. Kisha mwaka jana mwenye jina akasema kwenye kaseti kwamba shuleni kwao wanamwita Enji. Nyinyi mlicheka. Babu alirudia neno hilo siku nzima akiwaita ndege. Mimi sikucheka. Nililitaka jina hilo lote, na yeye alikuwa amelikata akatupa nusu.

Ndiyo hali niliyokuwa nayo siku ile uliponituma chumvi.

Ulikuwa umekwisha kuvaa blauzi ya njano. Babu alikuwa ametoka kwenda kutazama magugu maji yanavyofunga mwalo. Nikaleta redio, nikakaa mahali pangu, ukasema, "Nenda kaninunulie chumvi." Bibi, chumvi ilikuwepo. Kopo lilikuwa nusu, na mimi ndiye niliyelifunika jana yake. Nikakutazama, ukaangalia pembeni. Nikaelewa kwamba kuna neno la kwao ambalo mimi hata kulisikia kwa bahati sitakiwi. Na vitufe ulikuwa umejifunza mwenyewe, kwa kunitazama.

Niliporudi na chumvi ulikuwa umemaliza. Ulifunga kaseti mbele yangu ukaniambia peleka posta. Nilikwenda mpaka mlangoni pa posta, nisikudanganye. Nikasimama. Nikasema nitapeleka kesho. Kesho yake nikasema wangoje, nao waonje kungoja. Baada ya hapo sikuhitaji tena kusema lolote.

Sikuisikiliza, ulipokuwa hai. Nilitaka niwe nayo tu.

Halafu homa ile ya siku nne. Babu alitaka akupeleke Majita kwa tanga, kama alivyokuleta. Wazee wakamwambia haiwezekani, akabisha, wakampeleka ufukweni akatazame. Magugu yalikuwa yameshonana mpaka kuku wa watu walikuwa wanatembea juu yake. Ukapelekwa kwa pikapu ya kukodi, kwa barabara ya Musoma. Babu alikataa kukaa mbele na dereva. Alikaa nyuma na jeneza lako, mkono mmoja juu yake, kama ameshika usukani, na kila kwenye kona aliegemea upande wa pili ili usilale ubavu.

Baba Mkubwa alitufikia Nyakato siku mbili baada ya mazishi, peke yake. Hakulia mbele yetu. Jioni ya tatu alikuja nilipokuwa naosha masufuria, akaniambia watoto wanauliza ile kaseti, maana Bibi aliahidi kwa simu ya jirani kwamba inakuja. Nikamwambia niliipeleka posta. Ulimi haukutetemeka. Mimi ambaye darasani nikiulizwa jibu ninalolijua nabaki kuangalia dawati.

Asubuhi akaenda posta mjini Nyamagana, nami nikiwa nyuma yake. Yule karani mwenye miwani, anayekohoa kabla ya kugonga mhuri, ndiye aliyekuwa dirishani. Baba Mkubwa akamwuliza. Karani akafungua daftari lake akatafuta kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa, akasema kifurushi hicho hakikupita hapa. Baba Mkubwa akamwambia mbele ya foleni nzima kwamba watu kama yeye ndio wanaokula vitu vya watu, hata sauti ya marehemu. Karani akavua miwani, akaifuta kwa shati, akairudisha. Na mimi nikasimama pale nikihesabu vigae vya sakafu.

Baba Mkubwa aliporudi Gaborone nikaisikiliza. Nilichagua siku ambayo Mama na wadogo zangu walikwenda Igoma, Baba akawa kwenye shughuli zake, na Babu, tuliyemleta kwetu baada ya msiba, amelala. Nikapunguza sauti mpaka ikabaki kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Nakuandikia ulivyosema, maana nimeyashika:

"Nyangeta, somo yangu. Na Magesa. Mwenzenu nimemtuma dukani ili niseme peke yangu. Nasikia bibi yenu wa Iringa, mzaa mama yenu, amepandishwa ndege, yuko huko, anakaa nanyi. Ni vizuri. Sijakasirika. Anawapikia nini? Samaki anaweza? Watu wa milimani samaki wanamwogopa miiba. Akitaka kuwasimulia, asimulie ya kwao, ile ya kiboko ni yangu, asiiguse. Babu yenu aliniambia tuuze mashua twende kwa baba yenu, mimi ndiye niliyekataa. Sasa nakaa hapa nafikiri. Nataka kuwauliza neno moja. Yeye mnamwita Bibi. Sasa mimi mtaniita nani?"

Hapo yanasikika maji yakipiga ubao. Halafu kwa mbali, kutoka ufukweni, ni sauti yangu: "Bibi, hodi, chumvi nimeleta." Na wewe kwa haraka: "Amekuja. Naacha." Kikalia kitufe, kwaya ikadakia.

Nilikaa na redio mapajani. Mwanzo nilicheka, kwa sababu ya miiba. Kumbe na wewe ulikuwa nao. Wewe uliyekuwa ukinigonga kichwani kwa kijiko ukisema wivu ni mdudu wa maharage, anakula mpaka anakaa kwenye ganda tupu. Nikaelewa kwa nini ulinituma dukani. Uliona haya nisikusikie.

Ungedhani baada ya hapo nilipona. Sikupona. Nilizidi. Kwa sababu ulimwonea mtu wivu kwa ajili yao, Bibi. Kulikuwa na mwanamke huko ambaye hujawahi kumwona, na kwa kuwa aliwapikia wao ulikosa usingizi. Mimi nilipikiwa na kila mtu. Nilikula kwa jirani yetu Mama Josefu mwaka mzima wa kidato cha tatu, ukanituma nimsalimie. Hukumwonea mtu wivu kwa ajili yangu hata siku moja. Nikairudisha kaseti chini ya sanduku, nikasema sasa ndiyo hawaipati kabisa.

Mwezi uliopita ikaja barua yenye jina langu. Ilikuwa mara ya kwanza. Nyangeta ameandika kwa Kiswahili cha kuhurumia, maneno mengine ameyaacha kwa Kiingereza. Anasema walikuwa wanarekodi juu ya sauti yako kila mara kama mlivyokubaliana, na sasa hawana hata moja. Anasema anakumbuka ulichosema lakini hakumbuki sauti ilikuwaje. Akijaribu kuikumbuka inakuja sauti ya bibi yake wa Iringa. Aliniuliza kama mimi naikumbuka, na kama naweza kumweleza ilikuwa nene au nyembamba.

Nilifurahi. Nakuambia kama ilivyokuwa. Niliisoma mara tatu na kila mara furaha ilikuja kwenye mstari uleule. Nikajisemea, jina unalo, na sauti ninayo mimi. Nilitembea na barua hiyo kwenye mfuko wa sketi siku mbili. Siku ya tatu nilipoisoma furaha haikuja, nikaitafuta, nikaona tu mtoto wa watu anauliza nene au nyembamba.

Nikafikiri nipate njia ya katikati. Karibu na soko, Nyamagana, kuna kibanda cha kijana anayenakili kaseti. Nikasema atengeneze nakala, wao wapate nakala, mimi nibaki na yenyewe. Nikampa. Akaitumbukiza kwenye mashine yake na kufungulia spika zile kubwa za nje, eti asikie kama ni safi. Bibi, sauti yako ikatoka barabarani. "Samaki anaweza?" Mama muuza nyanya ng'ambo ya pili akajibu, "Hawezi huyo." Watu wakacheka. Mtu mmoja akasimama na baiskeli yake asikilize. Nikaingia ndani ya kibanda cha mtu, nikabonyeza kitufe mwenyewe, nikachomoa kaseti. Kijana akasema, "Dada, tuachie bibi kidogo, si wako peke yako." Nikaondoka bila kuaga. Nilifika nyumbani nikiwa na wivu hata na yule mama wa nyanya.

Nikueleze Babu anavyokaa kwetu sasa. Mashua waliivuta juu ya mawe, imelala ubavu, na jua linafungua mbao zake. Yeye analala sebuleni kwenye mkeka. Kila alfajiri anaamka kukagua kamba, anatoka mpaka mlangoni, anasimama, anarudi. Kanisani haendi tangu urudishwe Majita. Anasema atakwenda atakapokuwa na la kumwambia Mungu zuri.

Jumapili wote walipokwenda kanisani nilibaki naye. Nilileta redio nikaiweka kwenye kigoda mbele yake. Nikabonyeza kabla ya kueleza.

Uliposema somo yangu alinyoosha mkono kama anayezuia mtu asipite. Kwenye watu wa milimani alicheka mpaka akakohoa. Kwenye mashua, pale uliposema wewe ndiye uliyekataa, aliacha kucheka. Akasema polepole, kwa redio, si kwangu, "Tulikataa wote." Kwaya ilipodakia nikazima.

Akaniuliza, "Mke mdogo, hii unayo tangu lini?"

Nikamwambia tangu kabla ya msiba. Nikamwambia sikuipeleka posta. Nikamwambia kwa nini, yote, hata ya picha kwenye mlingoti. Sijui nilipata wapi maneno. Alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza upepo unakotoka. Nilipomaliza nilidhani atanisema kwa ajili ya watoto wa Gaborone. Hakusema juu yao.

Alisema, "Kumbe na mimi ulininyima."

Bibi, sikuwa nimefikiri. Naapa. Miezi yote hiyo nilihesabu Nyangeta na Magesa tu, nao wako nchi nyingine. Mtu aliyekuwa anaamka alfajiri kukagua kamba isiyokuwepo alikuwa analala hatua nne kutoka kwenye sanduku langu. Angeweza kukusikia usiku wa kwanza. Nilikaa sakafuni nikamshika mguu. Akaniwekea mkono kichwani, mzito, akaniambia niirudishe nyuma aisikie tena. Tukaisikiliza mara ya pili. Basi. Ya tatu alikataa.

Nikamwuliza kama tuipeleke kwenye kibanda kingine tupate nakala yake, abaki nayo. Akasema, "Ya nini? Awe ananiambia maneno yaleyale kila siku kama kasuku? Bibi yako hakuwahi kusema jambo mara mbili bila kulibadilisha." Kisha akasema, "Mpelekee mwenye jina. Hajaisikia."

Kaseti za kwaya zinapotoka dukani huwa na vitundu viwili mgongoni, na kitundu kikiwa wazi mashine haikubali kurekodi juu yake. Miaka yote tuliviziba kwa plasta. Nimeibandua plasta, Bibi. Sasa hata wakisahau, wakabonyeza vitufe viwili kama walivyozoea, haitakubali. Maana yake pia ni kwamba haiwezi kurudi na majibu. Ile safari ya kwenda na kurudi imekwisha.

Barua ya kuandamana nayo niliiandika mara nne. Ya kwanza ilisema posta walichelewesha. Ya pili ilisema niliisahau kwa sababu ya huzuni. Ya tatu nilikuwa namlaumu yeye kwa ajili ya Enji. Ya nne ina mistari sita. Nimesema niliificha kwa wivu, nimesema wewe ulimwuliza swali na anatakiwa kulijibu hata kama huwezi kusikia, na nimesema ilikuwa nene kidogo, ila ukicheka ilikuwa nyembamba.

Jana asubuhi nikaenda posta. Karani mwenye miwani alikuwa dirishani. Mbele yangu walikuwepo watu watano, na kila mmoja alipomaliza nilitamani akumbuke jambo arudi. Nikafika. Nikasema shikamoo, akasema marahaba, nikasukuma kifurushi chini ya wavu. Akasoma anwani. Akaisoma tena. Nikasema, watu nyuma yangu wakisikia, kwamba ndicho kile kifurushi cha siku ile, na kwamba hakikuletwa hapa kamwe, nilikuwa nacho mimi.

Akasema, "Baba yako alinivunjia heshima mbele ya watu."

Nikasema ni baba yangu mkubwa.

"Wote baba," akasema. Akakohoa, akagonga mhuri. Kisha akaniambia nimwandikie na yeye, huyo mkubwa, kwa kuwa mimi nimekuja na yeye hajaja. Nikamwambia nitaandika leo. Nikimaliza hii naanza hiyo.

Naogopa watakapofungua. Nyangeta anaweza kuacha kuniandikia, na sasa najua kwamba lingeniuma. Mama akijua atanipiga kwa maneno mwezi mzima. Na wivu wenyewe upo. Jana nikitoka posta nilianza kuhesabu siku, nikamwona Nyangeta kichwani mwangu akiwa ameketi na bibi yake wa Iringa, wakikusikia pamoja, nikasimama barabarani nikataka kurudi kukiomba kile kifurushi. Sikurudi. Ni hilo tu ninaloweza kukuonyesha.

Sitakuahidi kwamba nitawapenda kama wewe. Nakuahidi hili. Zile barua za Baba Mkubwa zilizokuja pamoja na kaseti, ambazo nilikuwa nawasomea wewe na Babu mashuani, sikuwa nasoma zote. Penye sifa za Nyangeta niliruka. Nyangeta amekuwa wa kwanza, niliruka. Nyangeta anaimba vizuri kama mama, niliruka. Nilifunga karatasi nikasema imeisha. Nadhani ulijua, maana kila mara ulisema, "Soma tena, polepole." Na mimi niliruka tena, polepole. Barua inayofuata ikija, Bibi, kama itakuja, nitakaa karibu na Babu na nitamsomea kila mstari.

Pumzika. Ulalie ubavu unaoutaka, huko hakuna mawe.

Mke mwenzako,
Perusi